Neno Moja kwenye Kadi ya Mama

9 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Habari za huko? Wifi hajambo? Na yule mtoto wenu bado anakataa kuvaa viatu? Sisi huku tupo. Shemeji yako amehamishiwa zamu ya asubuhi, kwa hiyo siku hizi naamshwa saa kumi na moja na mtu anayetafuta soksi ambazo ziko pale pale zinapokaa siku zote. Mama anakusalimu. Ananiuliza mara nne kwa siku kama u mzima, kana kwamba mimi nina redio ya kunitangazia habari zako.

Naandika barua kwa makusudi. Nikikupigia simu unanichekesha mpaka nasahau nilichopigia, na hili sitaki nilisahau. Lile jino ulilompandikizia mama alipokuwa kwako Novemba limeleta shida. Mdomo wake wa chini, upande wa kulia, umekufa ganzi. Jumapili tulikuwa tunakula, nikaona damu kwenye kijiko chake. Alikuwa amejing'ata mdomo, na bado anatafuna, anatusimulia habari za jirani aliyegombana na fundi bomba. Nikamwambia, "Mama, damu!" Akasema, "Ya nani?" Ndipo akakiri kwamba ganzi ilianza siku ile ile ulipomtoboa taya, ila hakutaka kukuhangaisha.

Jumatatu nikampeleka kazini nikampiga picha ya pande tatu mimi mwenyewe. Unajua nimekaa kwenye mashine ile miaka tisa, mashina ya meno, zile skrubu zinazopandikizwa mfupani, nimeyaona hadi nayaota. Shina la titani kwenye picha huwa jeupe lenye ukungu mwembamba pembeni, basi. La mama linawaka kama taa ya gari usoni, na michirizi myeusi inatoka kila upande hadi imefunika ule mfereji wa taya unaopitisha mshipa wa fahamu. Kadi uliyompa imeandikwa "titani" kwa mwandiko wako, mahali pa kubandika stika ya pakiti. Stika iko wapi? Ni titani kweli, au ni ile kauri nyeupe, zirkonia? Sikulaumu kwa lolote. Ila kauri inachafua picha kuliko titani, na inalifanya shina lionekane nene kuliko lilivyo, na mimi nataka kujua ninachokitazama.

Nijibu mapema, tafadhali.

Dada yako


6 Machi

Dada yangu, mzazi wangu wa pili,

Nipige viboko vyote, nimechelewa. Wifi yako anakusalimu sana na anaomba umtumie ule mshono wa mapazia. Mtoto amekubali kiatu kimoja, cha kushoto. Cha kulia mazungumzo yanaendelea.

Sasa kaa chini kabla sijakuambia hili. Nimechaguliwa kuzungumza kwenye mkutano mkuu wa madaktari wa meno mwezi ujao. Dakika ishirini jukwaani, mbele ya maprofesa walionifundisha! Mimi, yule uliyekuwa unamfunga kamba za viatu hadi darasa la nne. Mada ni mambo ya kisasa ya meno, nikianza kukueleza utasinzia. Mwambie mama aniombee, na amwambie kila mtu mtaani, najua atawaambia hata nisipomtuma.

Kuhusu mama, pole sana, na usiwe na wasiwasi. Ni titani kama kadi inavyosema. Stika ziliisha siku ile, nikaandika kwa mkono, ndiyo kosa langu lote. Kauri ipo, lakini ni kile kichwa cha juu tu kinachobeba jino, na ndicho kinachokuchafulia picha. Halafu mama unamjua, mwambie atulie sekunde ishirini, sekunde ya tano atageuka kukuuliza kama umekula. Ametikisika. Mpe vidonge vya vitamini B, ganzi itaondoka.

Mdogo wako, mhutubu mtarajiwa


15 Machi

Mdogo wangu,

Habari ya mkutano imeingia humu ndani kama mgeni aliyebeba zawadi. Mama alinyanyuka akacheza pale pale sebuleni, na alipomaliza akafungua dirisha amweleze jirani. Shemeji yako anasema ukiwa mkubwa usitusahau. Mimi nimefurahi mpaka nimeoka keki, na keki zangu unazijua, kwa hiyo ujue furaha ilikuwa ya kweli.

Sasa tuje kwenye shughuli. Mama hakutikisika. Nimempiga picha mara mbili, kichwa nimekifunga mkanda na kidevu nimekikalisha kwenye kibao. Ungemwona ungedhani nimemkamata kwa wizi. Na kile kichwa cha kauri nimekifikiria. Lakini wewe unajua, na unajua kwamba najua: mashine inagawa picha vipande vyembamba kutoka juu kwenda chini. Kichwa kitachafua vipande vya juu. Huku chini kwenye shina kichwa hakipo, na uchafu ni ule ule.

Kwa hiyo nimefanya kitu ambacho shemeji yako anasema sasa nimeugua rasmi. Nimeenda buchani nikanunua taya la ng'ombe. Muuza nyama akauliza, "La supu?" Nikamwambia, la picha. Mpasuaji wetu pale kliniki, yule tunayemwita Polepole, alinitobolea mashimo mawili, tukatia shina moja la titani na moja la kauri, ya mfano, yale ambayo wauzaji hutuachia. Yote mawili niliyapima kwanza kwa kalipa: milimita 4.1, sawasawa. Nikaliweka taya ndani ya ndoo ya maji, mionzi ipite kwenye kitu kama shavu la mtu, nikapiga. Titani ikasoma 4.4 kwenye picha. Kauri ikasoma 5.0, na michirizi ile ile ya mama. Nikarudia mara tano, namba hazikuyumba. Shina la mama kwenye picha linasoma 5.0.

Sasa elewa kwa nini nakusumbua. Picha inaonyesha ncha ya shina imegusa mfereji wa mshipa. Polepole anasema hivi. Kama shina ni titani, picha haijadanganya sana, ncha imegusa kweli, na itabidi litolewe mapema kabla mshipa haujafa kabisa. Kama ni kauri, ule unene ni wa picha tu, ncha haijafika, mfupa upo katikati. Hapo tusiguse kitu, tumpe dawa na tusubiri, maana ganzi ya namna hiyo mara nyingi huondoka yenyewe. Yaani neno moja lako ndilo linaloamua mama akatwe au asikatwe.

Niandikie neno hilo. Na uniambie unene wa shina uliloweka.

Dada yako


19 Aprili

Dada,

Salamu kwa wote. Huku wazima, isipokuwa wifi yako ana mafua yasiyoisha na ameanza kunitazama kama mimi ndiye niliyeyaleta.

Mkutano umepita. Wamesimama, dada. Si wote, lakini safu tatu za mbele walisimama kunipigia makofi, na mkuu wa kliniki yetu akanishika bega mbele ya watu akasema huyu ni wetu. Nilitamani mama angekuwepo. Inasemekana mwaka huu atachaguliwa msimamizi mpya wa kitengo chetu, na jina langu limetajwa. Usimwambie mtu bado.

Barua yako niliisoma mara nyingi, na nikuambie ukweli, imeniumiza. Nimekaa darasani miaka saba nisome kazi hii. Nimemtibu mama yangu mzazi kwa mikono yangu. Na wewe umeliweka taya la ng'ombe mbele ya neno langu. Ningekuwa daktari mgeni ungenihoji hivyo? Usingethubutu, ungesema asante daktari.

Shina ni titani. Neno ulilolitaka ndilo hilo. Nilitumia nene, la 4.8, kwa sababu mfupa wa mama ni laini, ndiyo maana picha yako inasoma 5.0. Haki ya Mungu, dada, ni titani. Sitaliandika tena.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Pole kwa mafua ya wifi. Mwambie avute mvuke na akutazame vizuri, hukuyaleta wewe. Hongera, hongera, hongera. Habari ya kitengo nimeifungia mdomoni, ingawa inanitekenya.

Barua yako nilikwenda kuisomea stoo kazini, nikalia kidogo katikati ya maboksi ya glavu. Umesema kweli. Ungekuwa daktari mwingine nisingeenda buchani. Nimezoea kukuona mtoto, na nadhani nimesahau kwamba umekua na kazi yako unaijua. Ukisema 4.8 namba zangu zote zinakaa sawa, sina la kubisha tena. Nisamehe, baba.

Nimekwenda kwa Polepole nikamwambia: ni titani, mdogo wangu ameapa, andika. Ameandika. Kwa kuwa mama hajapata nafuu na wiki zimepita nyingi, ameona asingoje zaidi. Shina litatolewa tarehe 20 mwezi huu. Amenieleza atakavyofanya. Atatoa jino la juu, atalishika shina kwa spana yake ndogo, atalizungusha kinyume kama skrubu mpaka liachie. Anasema titani huvumilia kuzungushwa hivyo, dakika ishirini kazi imekwisha, mshipa hata hausikii.

Nilipomweleza mama kwamba umethibitisha ni titani, alishika shavu lake la kulia, halafu akasema, "Basi, kama mwenyewe amesema." Nadhani anaogopa kisu. Barua hii itakufikia kabla ya siku yenyewe. Ukiwa na lolote la kuongeza, mpigie Polepole moja kwa moja kliniki, namba unayo.

Dada yako anayejivunia wewe


24 Mei

Sina salamu.

Lilikatika. Polepole alizungusha spana, haikufika hata robo mzunguko, tukasikia tak. Alidhani ni spana yake imevunjika. Akakitazama kipande kilichobaki kwenye spana, kilikuwa cheupe mpaka ndani. Titani ni ya kijivu, wewe unajua, mtoto wa shule anajua. Aligeuka akanitazama mimi.

Nusu ya shina ilibaki ndani ya taya la mama. Haikushikika tena, ikabidi atumie kekee yenye tundu katikati, akate mfupa kulizunguka shina lote hadi chini, pembeni kabisa ya mshipa. Saa moja na nusu. Mama alikuwa macho, amechomwa ganzi ya sindano tu, kwa sababu tuliandaa kazi ya dakika ishirini. Alikuwa amenishika kidole gumba. Mwishoni sindano ilianza kuisha nguvu na hakutoa sauti, ila kidole changu hakikunjiki mpaka leo.

Vipande nimevipima kwa kalipa ile ile. 4.1. Hakukuwa na 4.8 popote duniani. Na kati ya ncha na mfereji kulikuwa na mfupa mzima, Polepole aliuona kwa macho yake kabla hajalazimika kuutoboa ili atoe mabaki yako. Ncha haikuwa imegusa kitu. Tungesubiri. Ilikuwa ni kusubiri tu.

Sasa mdomo wote wa kulia na kidevu havisikii chochote. Polepole hapendi kusema neno la mwisho kuhusu mgonjwa, lakini hili alilisema: hisia haitarudi.

Nilikuwa na namba tano zinazokubaliana mezani kwangu, nikaziweka kando kwa ajili ya kiapo chako. Mimi ndiye niliyemwambia andika titani. Hilo ni langu na sikupi hata kidogo. Lako niandikie wewe mwenyewe. Kwa nini? Usinipigie simu, nimezuia namba yako.


20 Julai

Kwa dada yangu,

Natumaini mnaendelea vizuri. Shemeji hajambo? Huku hali ni ya kawaida. Mtoto sasa anavaa viatu vyote viwili bila kuambiwa. Nimeianza barua hii mara nyingi na kila mara nimefika hapa kwenye mtoto na viatu nikaichana.

Ilikuwa kauri. Ufizi wa mama ni mwembamba, titani ingepitisha ukijivu, ungemwona anacheka na ufizi una kivuli. Kauri ni nzuri, dada, inakaa na nyama vizuri kuliko chuma, wewe mwenyewe umesoma. Sikumwekea mama takataka. Tatizo ni kwamba kliniki yetu ilikuwa haijayaruhusu mashina yale, nami nilikuwa nimeyapata kwa rafiki. Nikaandika titani kwenye faili lake, na kadi ilibidi ilingane na faili. Ulipouliza mara ya kwanza nilidhani ganzi itapita na swali litapita nayo. Ulipouliza mara ya pili jina langu lilikuwa limeshatajwa. Ningekuambia kweli, ungeiandika kwenye ripoti, kwa sababu wewe ni wewe, na mimi ningefutwa kwenye orodha ya madaktari. Ile 4.8 iliandikwa na hofu.

Lakini usinibebeshe peke yangu. Mama alijua. Nilimwonyesha shina kabla sijaliweka, alilishika kiganjani akasema ni zuri, linafanana na punje ya mahindi machanga. Nilimwomba asikuambie na akakubali. Barua yako ya Mei iliponifikia nilimpigia yeye, siku mbili kabla ya kukatwa. Nililia, dada. Nilimwambia litakatika, nilimwambia aghairi, aseme ameogopa. Akasema akighairi utauliza kwa nini, na wewe ukianza kuuliza huachi. Akasema, "Acha wanikate, mwanangu. Mimi nimeshakula chumvi yangu, wewe bado una safari." Ningefanya nini? Ni mama. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua.

Nakuomba msamaha. Naomba pia hili libaki kwetu sisi watatu.

Mdogo wako


11 Agosti

Umeuliza ungefanya nini. Ungempigia Polepole. Nilikuandikia umpigie. Namba ulikuwa nayo, na simu mkononi ulikuwa nayo, ukaitumia kumlilia mama.

Barua yako nilimsomea mama yote, nikaketi kitandani kwake, nikaisoma mpaka kwenye punje ya mahindi. Hakukana. Aliniomba nifunge dirisha, jirani asisikie. Nikafunga. Nikamuuliza, "Mama, uliniacha nikasaini karatasi ile ya kuruhusu upasuaji? Ulijua litavunjika ndani ya taya lako na ukaniacha nisimame pale?" Akasema, "Wewe una nguvu. Mdogo wako hana." Nimeyasikia maneno haya tangu nikiwa na miaka saba. Wewe ulipovunja kioo cha mwalimu na mimi nikaadhibiwa, wewe ulipopoteza sare na mimi nikakupa yangu, ni hayo hayo. Sikuwahi kuyachukia mpaka siku hii. Tarehe 18 Mei mlikuwa kwenye simu mkipatana, mnanionea huruma au hamnionei, sijui, na mimi nilikuwa chumba cha pili nampigia pasi gauni la kwendea kukatwa.

Nilikuwa nimekaribia kukusamehe, nikuambie na hilo. Ile hofu yako niliielewa. Mtu akiogopa hujikuta amesema neno, na neno likishatoka halirudi. Kisha juzi Polepole ameniletea kijitabu cha mkutano wenu, ukurasa umekunjwa. Mada yako: mashina meupe ya kauri, mgonjwa mmoja na matokeo yake. Kumbe hayo ndiyo mambo ya kisasa ambayo yangenisinzisha. Picha ya kinywa cha mama imejaa ukurasa mzima, nimemtambua kwa lile jino la mbele lililopinda. Hakuna jina, "mgonjwa wa kike, miaka 67, aliyehudumiwa nje ya kliniki yetu". Na chini yake umeandika: "Miezi mitano baada ya upandikizaji, mgonjwa hana malalamiko yoyote."

Hana malalamiko! Barua yangu ya damu kwenye kijiko ulikuwa nayo tangu Februari. Ya taya la ng'ombe ulikuwa nayo tangu Machi. Ulisimama Aprili na barua zote mbili zimekufikia, ukawaambia maprofesa wako mama yetu hana malalamiko, safu tatu zikasimama. Kisha ukarudi nyumbani ukaniandikia kwamba nimekuumiza. Niliomba radhi, wewe! Nililia stoo kwenye maboksi ya glavu nikakuita baba.

Kwa wenzako ulisema kauri, kwa sababu kauri ilikuletea makofi. Kwangu ulisema titani, kwa sababu titani ilikulindia nafasi ya kitengo. Mama alikuwa na shina moja tu.

Nimepeleka kila kitu kwenye baraza la madaktari. Picha, vipimo vya taya la ng'ombe, kadi, vipande viwili vyeupe kwenye kichupa, na barua zako za Machi, Aprili na Julai. Kwenye maelezo yangu nimeandika pia kwamba mimi niliziona dalili za kauri kwenye picha na nikanyamaza kwa sababu ya udugu. Watanifanya watakavyonifanya. Nimewaomba wawaite wagonjwa wako wote na wazikague kadi zao na kuyapiga picha upya mataya yao, maana unaweza kuniambia ni mama tu, na mimi sina tena njia ya kukuamini. Mama alinishika mkono nisiende posta. Aliniita mkatili. Niliutoa mkono wake taratibu nikaenda. Siku nne hakuzungumza nami.

Leo asubuhi amezungumza. Amekuja mezani nikiwa naandika hapa, akaketi na kikombe chake, akataka nikuandikie maneno yake mwenyewe mwishoni, neno kwa neno, nisipunguze. Haya ndiyo maneno yake: "Mwanangu, usihangaike, mimi nimepona. Mdomo umerudi wote. Nasikia kila kitu, upepo nasikia, hata chai hii ya moto naisikia vizuri kabisa. Mwambie dada yako awaandikie wale wakubwa kwamba nimepona."

Nimeyaandika kama alivyosema. Alikuwa ananitazama kuhakikisha kalamu inatembea, na chai ilikuwa inamchirizika kwenye kidevu, inaingia kwenye kola ya gauni, inatoa mvuke. Nilingoja ainue mkono ajifute. Hakuinua. Nikachukua kitambaa nikamfuta.

Akaniuliza ninafuta nini.